Faili Moja, Nyumba Mbili

Somo la Redio kwa Watu Wazima: Historia ya Vyombo vya Kazi. Somo la Nane.

Maneno haya ni yale yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili wanavikundi wapate kuyarudia pole pole na kujibu maswali yaliyo mwishoni.



Juma lililopita tulizungumza juu ya karatasi ya kaboni. Tuliona jinsi karani, kwa kupiga herufi mara moja tu, alivyoweza kupata barua moja na nakala zake mbili. Leo twaendelea na habari za nakala. Lakini nakala za leo hazimo katika karatasi. Zimo katika kompyuta, tena kompyuta ambayo mwenye kuitumia haioni kwa macho yake, wala hajui imewekwa katika chumba gani.

Usiliogope somo hili. Ukijua kutunza stakabadhi yako, utalifahamu lote.

HATARI MBILI ZA DAFTARI

Tuanze na mambo ya hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na manung'uniko makubwa juu ya mizani. Mkulima alipeleka pamba yake, mnunuzi akaipima, akaandika uzito, akalipa. Aliyepima na aliyeandika alikuwa ni yule yule mnunuzi. Mkulima akirudi nyumbani na shaka moyoni, hakuwa na kitu cha kuonyesha. Basi wakulima wakaanza kuungana, wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito ujulikane kwa pande zote mbili. Katika juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikawa na shirikisho lao kubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo makao yake yalikuwa hapa Mwanza na kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani.

Tazama hekima ya wazee wale. Waliona kwamba hesabu inayomhusu mtu haifai kukaa mkononi mwa upande mmoja tu. Lakini mara hesabu zilipokuwa mbili, swali jipya lilizaliwa: zikitofautiana, ipi ndiyo ya kweli?

Hatari ya hesabu kukaa mahali pamoja tu, ziwa letu limetufundisha kwa machozi. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria wa madaraja ya juu ilikuwako, bali abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hata leo idadi ya ndugu zetu waliopotea siku ile hutajwa kwa tofauti. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora katika Ukerewe. Watu 228 walikufa. Viongozi walipoulizwa kivuko kilibeba watu wangapi, walieleza kuwa ni vigumu kusema kwa hakika, kwa sababu mkata tiketi alikufa, na mashine yake iliyoshika hesabu ikapotea majini. Hesabu ya abiria ilikuwa ndani ya chombo kile kile kilichozama. Nchi kavu hapakuwa na nakala.

Basi shika mambo haya mawili, maana ndiyo nguzo za somo letu. Hatari ya kwanza ni kuwa na nakala moja tu, nayo imo ndani ya chombo kinachoweza kuzama. Hatari ya pili ni kuwa na nakala mbili zisizolingana.

MASHINE MOJA, WATU WENGI

Sasa twende kwenye kompyuta. Zile za kwanza zilikuwa kubwa kama chumba, na bei yake ilishinda uwezo wa watu wengi. Mtu mmoja alipoitumia, wenzake walingoja zamu. Mwezi wa Novemba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT huko Marekani walionyesha njia mpya ya kugawana muda. Mashine ilimhudumia mtu huyu kwa kitambo kidogo mno, kisha yule, kisha mwingine, kwa upesi hata kila mmoja akaona kama ni yake peke yake. Mama ntilie hodari hufanya hivyo hivyo. Ana wateja kumi, lakini kila mteja hujiona amehudumiwa yeye.

Mwaka 1967 wahandisi wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, Marekani, walikwenda mbele zaidi. Kwa mpango wao ulioitwa CP-40, kila mtumiaji hakupewa muda tu, bali alipewa mfano wa kompyuta nzima. Kompyuta ya namna hiyo siku hizi twaiita kompyuta pepe. Haina mwili wake yenyewe. Imekopeshwa sehemu ya mwili wa mashine kubwa. Jina hili, kompyuta pepe, tutalitumia mpaka mwisho wa somo.

Huku kwetu kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Kufika mwaka 1974 kompyuta zote nchini zilikuwa saba tu, na mwaka huo huo Serikali ikakataza kuingiza kompyuta na televisheni. Mashine zile zilikula fedha nyingi za kigeni, na tena hesabu za Serikali zilizotiwa ndani yake zilikuwa zimevurugika, ikabidi kurudi kwenye kalamu na madaftari. Katazo hilo lilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 biashara ya kompyuta ikafunguliwa.

Wako wanaowacheka wakubwa wale. Mimi siwacheki. Waliona jambo la kweli, kwamba mashine usiyoifahamu ikishika hesabu zako, siku ikikosea hutajua imekosea wapi. Dawa ya jambo hilo ni elimu, na ndiyo maana tuko hapa.

MEZA ILIYO MBALI

Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo za mezani zilienea katika nchi tajiri, na kila karani akawa na yake. Ikaonekana kana kwamba ile mashine kubwa ya watu wengi imekwisha kazi. Lakini kompyuta elfu za mezani ni taabu elfu. Kila moja yataka kutengenezwa, kila moja yaweza kuibwa, kila moja ina mafaili ambayo hayako penginepo.

Ndipo wazo la zamani likarudi kwa sura mpya. Mwaka 1989 Ed Iacobucci alianzisha kampuni ya Citrix huko Marekani, na mwaka 1995 ikatoa programu ya WinFrame, iliyowawezesha watu wengi kutumia Windows ya seva moja kutoka mbali. Mwaka 1998 Microsoft nayo ikatoa Windows ya namna hiyo. Mwaka huo huo ikaanzishwa kampuni ya VMware huko California, ambayo ilileta kompyuta pepe katika mashine ndogo za kawaida. Baada ya miaka michache ofisi kubwa zikaanza kumpa kila mfanyakazi kompyuta pepe yake, ikikaa ndani ya seva.

Yafaa ufahamu ni kitu gani hasa kinachopita njiani. Mezani pako pana kioo, kibodi, kipanya na kisanduku kidogo. Ukibonyeza herufi, habari ya kubonyeza huko husafiri hadi kwenye seva. Huko barua yako huandikwa. Kisha hurudishwa picha ya kioo, nawe waona herufi imetokea. Faili lenyewe halikufika mezani pako hata kidogo. Uliona picha yake tu.

Kwa sababu hiyo njia ya mawasiliano ni jambo kubwa. Zamani intaneti yetu ilipitia setilaiti zilizo umbali wa kilometa 36,000 hivi juu ya ardhi. Ujumbe kupanda na kushuka, na jibu lake kupanda na kushuka, ni mwendo wa kilometa 144,000. Hata kwa kasi ya mwanga, huo ni karibu nusu sekunde. Hebu fikiri kuandika barua ambayo kila herufi hutokea nusu sekunde baada ya kidole chako! Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Mwaka 2009 pia ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umeifunga mikoa pamoja kwa nyuzi za kioo. Toka Mwanza hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 1,100 hivi kwa barabara, na mwanga ndani ya nyuzi hizo waweza kwenda na kurudi kwa karibu milisekunde 11. Hapo ndipo mtu wa Mwanza alipoweza kuitumia mashine ya Dar es Salaam kana kwamba iko mezani pake.

Lakini kompyuta pepe nyingi za maofisini zina desturi moja ambayo watu hawaambiwi. Hazidumu. Jioni mtu akitoka, mashine hufagiwa na kurudishwa ilivyokuwa mwanzo, na asubuhi hutengenezwa nyingine kwa kalibu ile ile. Ni kama chumba cha nyumba ya wageni. Ukiondoka, mashuka hubadilishwa, na karatasi uliyoisahau juu ya meza hutupwa. Ufagio huo una faida: virusi na uchafu wa jana havilali humo. Ila hautofautishi uchafu na mali yako.

KARANI ASIYELALA

Sasa tuache meza, tuzungumze juu ya programu ya kusawazisha. Kusawazisha ni kulifanya faili lililo mahali huku na lile lililo mahali kule yawe sawa daima.

Mwaka 1987 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, M. Satyanarayanan na wenzake walianza kutengeneza mfumo ulioitwa Coda. Nia yao ilikuwa mtu aweze kuendelea na mafaili yake hata njia ikikatika, kisha njia ikirudi mabadiliko yapelekwe kwenye seva. Mwaka 1996 huko Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa programu ya rsync, ambayo hailipeleki faili zima, bali hupeleka sehemu zile tu zilizobadilika. Na mwaka 2007 kijana mmoja wa Kimarekani, Drew Houston, aliyekuwa amechoka kusahau flashi yake (mara moja aliikumbuka akiwa amekwisha kupanda basi), alianzisha Dropbox pamoja na Arash Ferdowsi. Google Drive ilitoka mwaka 2012. Microsoft nao walikuwa na yao tangu mwaka 2007, na mwaka 2014 wakaiita OneDrive.

Programu hizi zafanya kazi kama karani asiyelala. Karani huyu ana kabrasha moja katika kompyuta yako na ghala moja mbali, ambalo watu huliita wingu. Tena ana daftari lake dogo la siri, ambamo huandika: faili fulani, lilibadilika saa fulani, nimekwisha kulipeleka. Kila mara hutazama daftari, hutazama kabrasha, hutazama ghala. Akiona tofauti, huihamisha. Akiona faili moja limebadilishwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, mara nyingi hathubutu kuamua. Huziweka nakala zote mbili, akaiandika mojawapo kuwa ni nakala ya mgongano, kisha huwaachia wenyewe mafaili. Hilo ndilo lile swali la wakulima wa pamba: zikitofautiana, ipi ndiyo ya kweli?

Lakini karani huyu aliajiriwa kwa sharti moja lisiloandikwa. Yeye aamini kwamba nyumba anamofanya kazi leo, kesho ataikuta.

VITU VIWILI VYEMA VILIPOKUTANA

Basi watu wakamchukua karani huyu, wakamweka katika chumba kile kinachofagiwa kila jioni. Mambo manne yakatokea.

Kwanza, daftari lake la siri lilifagiwa pamoja na vingine. Asubuhi alifika hajui lolote, akaona kabrasha tupu, akaanza kuleta mafaili yote upya toka ghalani. Tufanye hesabu. Ofisi ina watu 25, na kila mmoja ana mafaili ya gigabaiti 4. Hizo ni gigabaiti 100. Njia yao yapitisha megabiti 100 kwa sekunde. Gigabaiti 100 ni megabiti 800,000, nazo zataka sekunde 8,000, yaani saa 2 na dakika 13. Kazi imeanza saa mbili asubuhi. Mafaili yatakuwa tayari saa nne na robo. Na kesho ni vile vile.

Pili, funguo zake zilipotea. Mtumiaji alitakiwa atie nywila upya kila siku. Aliyesahau kufanya hivyo aliandika kutwa nzima akidhani karani yuko kazini, kumbe karani amesimama nje mlangoni.

Tatu, nafasi ilijaa. Katika kompyuta yako mwenyewe, programu moja na mafaili ya mtu mmoja si kitu. Katika seva ya watu wengi, programu ile ilijisimika ndani ya kabrasha la kila mtumiaji mmoja mmoja, na kila mtumiaji akaleta mzigo wake katika diski ile ile.

Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, mtu aliweza kutoka kabla karani hajamaliza kupeleka. Kazi ya mchana ilikuwa ingali chumbani ufagio ulipopita.

Hili la nne sikulisoma kitabuni. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiandika orodha ya wanafunzi wetu watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne wakiwa watahiniwa wa kujitegemea. Nilitumia kompyuta ya mbali ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Siku hiyo niliongeza majina 11, na habari zote za kila mmoja: mwaka wa kuzaliwa, masomo aliyoyachagua na picha yake. Mtandao ulikuwa dhaifu tangu adhuhuri. Saa kumi na nusu niliona kile kialama cha mishale kikizunguka pembeni mwa kioo. Nilikiona, sikujua maana yake. Nikafunga, nikapanda mlima kwenda nyumbani.

Asubuhi nililikuta faili, nikafurahi. Sikulifungua mpaka siku tatu baadaye, zikiwa zimebaki siku mbili tu za kuandikisha. Ndipo akaja mama mmoja, fundi wa cherehani wa hapa Mabatini, kuhakikisha jina lake. Tulitafuta toka juu hadi chini, halikuwamo. Akanitazama akasema, "Mwalimu, jina langu limekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mama yule alikuwa amesoma kwa miaka miwili, jioni, baada ya kufunga cherehani yake. Ada alikuwa amelipa kwa fedha aliyoiweka kidogo kidogo. Alifungua mkoba wake, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne, akaniwekea mezani. Kwa stakabadhi ile nikajua siku gani ilikuwa imepotea, na kwa kitabu cha stakabadhi nikawajua wale 10 wengine. Siku mbili zile tulikimbia huku na huku kuwatafuta. Tulipata 10, na mama yule akiwamo. Wa 11 alikuwa kijana aliyekwenda visiwani kuvua dagaa, na simu yake haikupatikana. Alingoja mwaka mzima.

Ndugu msomaji, nimelisema jambo hili redioni kwa sababu kijana yule hakukosa lolote. Waliotengeneza mashine ile hawakutuambia kuwa ina ufagio, na mimi niliyeitumia sikuuliza.

DAWA ILIYOPATIKANA

Wataalamu nao waliyaona mambo haya. Kwa muda mrefu programu ya OneDrive haikuruhusiwa rasmi katika kompyuta pepe zisizodumu. Kisha dawa zikapatikana moja baada ya nyingine.

Dawa ya kwanza ilitoka mwaka 2017. Badala ya kuleta mafaili yote, karani huleta majina yake tu. Waona orodha nzima katika kabrasha lako, lakini faili lenyewe hubaki ghalani mpaka ulifungue. Mwenye duka mwenye busara hafunui magunia yote asubuhi. Hufungua lile analoulizwa. Kwa hiyo zile saa 2 na dakika 13 zikapungua sana.

Dawa ya pili ni sanduku la safari. Kampuni iliyoitwa FSLogix ilitengeneza njia ya kuyatia mambo yote ya mtumiaji, yaani mafaili yake, funguo zake na lile daftari la siri la karani, katika diski pepe moja iliyo nje ya chumba. Mtu akiingia asubuhi, sanduku lake huunganishwa na chumba chochote alichopewa. Akitoka, sanduku huondolewa kwanza, ndipo ufagio hupita. Mwaka 2018 Microsoft waliinunua kampuni hiyo. Kwa njia hii karani akiamka hukuta daftari lake limefunguka pale pale alipoliacha jana, na lililobaki kupelekwa hulipeleka.

Dawa ya tatu ilikuja mwaka 2019, nayo ni kuisimika programu mara moja tu kwa ajili ya mashine nzima badala ya kila mtumiaji kuwa na yake.

Dawa hizi ni njema, ila si uganga. Sanduku moja haliwezi kufunguliwa vizuri katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Mtu akiingia kwa mashine mbili pamoja, mara nyingi ile ya pili hukataliwa, au huruhusiwa kusoma bila kuandika. Na yale majina ya mafaili yasiyofika bado ni majina tu: njia ikikatika, jina utaliona na faili hutalifungua. Tena tusisahau kwamba kusawazisha si kuweka akiba. Ukifuta jina la mtu kwa bahati mbaya upande huu, karani mwaminifu atalifuta na upande ule. Maghala mengi huweka matoleo ya zamani kwa muda fulani, lakini muda huo una mwisho.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa hiyo, wewe unayetumia kompyuta ya mbali ofisini, shuleni au katika chama chako cha ushirika, nakuomba ushike mambo haya.

Uliza siku ya kwanza: je, mashine hii hufagiwa jioni? Ikiwa hufagiwa, ni kabrasha gani linalosalimika? Usione haya kuuliza. Mkulima wa mwaka 1952 hakuona haya kuuliza habari za mizani.

Kabla ya kutoka, tazama kialama cha karani. Mishale ikizunguka, kazi haijaisha, ngoja. Ikionekana alama ya vema, waweza kwenda. Mtandao ukiwa mbovu na huwezi kungoja, usifunge kabisa kabla ya kumwambia msimamizi wa mashine.

Asubuhi, lifungue faili na usome mstari wa mwisho. Kuliona jina la faili hakutoshi.

Orodha ya majina ya watu iwe na nakala ya tatu mahali pengine kabisa, hata kama ni karatasi katika sanduku la chuma. Na kila aliyetoa fedha au habari zake apewe stakabadhi.

Ndugu msomaji, tangu mizani ya pamba hadi kompyuta pepe, swali limekuwa moja: kumbukumbu ya mtu imelala wapi usiku huu, na chombo hicho kikizama, nani mwingine anayo? Mama yule wa cherehani hakujua kompyuta pepe ni nini. Lakini stakabadhi yake ilikuwa mkobani, imekunjwa mara nne. Alifaulu mtihani wake, na kijana wa dagaa alifanya wa kwake mwaka uliofuata.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Taja hatari mbili za daftari tulizozieleza mwanzoni. Katika chama chenu, hatari ipi ni kubwa zaidi?

2. Kwa nini programu ya kusawazisha ilileta mafaili yote upya kila asubuhi katika kompyuta pepe isiyodumu?

3. Ofisi ina watu 10, kila mmoja ana mafaili ya gigabaiti 2, na njia yapitisha megabiti 20 kwa sekunde. Mafaili yote yatachukua muda gani kufika? (Gigabaiti 1 ihesabiwe kuwa megabiti 8,000.)

4. Kuna tofauti gani kati ya kusawazisha na kuweka akiba? Toeni mfano kutoka nyumbani au sokoni.

5. Mwenzenu mmoja asema, "Siku hizi kila kitu kimo katika wingu, stakabadhi za karatasi zichomwe." Mtamjibuje?

Juma lijalo tutazungumza juu ya mizani yenyewe: jinsi inavyotengenezwa, na jinsi ya kujua kuwa imepinda. Mpaka hapo, kwaheri ya kuonana.